Usimwite Odeta Dada Kabla Hamjaandikiana

Kwako Mwajuma,

Mimi mzima, na wewe najua u mzima kwa sababu nakusikia unavyokoroma upande wa pili wa ukuta. Mama yako anasema umerithi kwangu. Mimi nasema kwake. Usinicheke mwandiko. Barua ndefu ya mwisho kutoka kwangu ilikuwa ya kumtongoza mama yako, na ile nilimlipa mtu aandike.

Sitakwambia ufunge mlango na komeo, wala usipokee vyakula vya watu kwenye gari, wala uvae sweta kwa sababu Kasulu kuna baridi. Mama yako ameshayasema hayo mpaka jirani naye kayashika. Mimi nina jambo moja tu, na ni la aibu, ndiyo maana naliandika badala ya kulisema. Mdomo huu unaojua kuuza sabuni yenye ufa kwa mke wa diwani, kwa jambo hili unakauka.

Leo mchana mlipokuwa mnafunga kwa kamba viti vya saluni utakayofungua Kasulu, nilikuwa nyuma ya jiko naparua migebuka. Hamkuniona. Nikamsikia Odeta, msusi unayekwenda naye, anakuuliza, taratibu, kama mtu anayeomba chumvi:

"Dada Mwaju, kule Kasulu kazi yangu itakuwaje? Yaani nitaanza saa ngapi, na siku ya kwenda Kidahwe kumwona mama?"

Wewe ukacheka. "We Odeta nawe! Mimi na wewe si dada na dada? Mambo ya mikataba waachie watu wa maofisini. Tutaelewana."

Na yeye akacheka, maana afanyeje. Lakini mimi nilikuwa namwona kupitia matundu ya makuti. Kicheko kilikuwa mdomoni tu. Mikono ilikuwa imeacha kufunga kamba.

Migebuka ile niliiacha nusu, ndiyo maana jioni mmekula samaki wenye magamba. Yale maneno uliyomjibu, mwanangu, ni yangu. Niliyasema mimi, karibu hivyo hivyo, na kicheko hicho hicho, kwa mtu ambaye unamkumbuka.

Unamkumbuka baba mdogo Issa. Ulikuwa mdogo sana lakini najua unamkumbuka, kwa sababu mpaka leo ukiona mtu amebeba mtoto mabegani unasema, "Baba mdogo alikuwa ananibeba hivyo." Basi kaa vizuri. Issa hakuwa baba yako mdogo. Hakuwa hata Issa. Aliitwa Nestori, alikuwa Mrundi, mkimbizi kutoka kambini, na alikuwa mfanyakazi wangu wa kwanza. Na wa mwisho. Watu huniuliza kwa nini sijaajiri tena mtu, nawajibu biashara ni ndogo. Uongo. Naogopa kujiona.

Nikueleze nilivyokuwa, maana sasa unaniona na kitambi na kanzu ya Ijumaa unadhani nilizaliwa hivi. Nilikuwa kijana wa Ujiji, darasa la saba nimelimaliza kwa huruma ya mwalimu aliyechoka kuniona, na nilikuwa napika sabuni ya mawese. Hakuna aliyenifundisha, nilimchungulia mzee mmoja nikaiba ujuzi, halafu nikamshinda. Sabuni yangu ilikuwa inatoa povu hata kwenye maji ya kisima. Kibirizi wachuuzi wa dagaa walikuwa hawanawi na nyingine. Walikuwa wananiita Rama Povu, na mimi kwa ujinga wangu nilifikiri wanasifia sabuni.

Kazi ikanizidi. Kupika sabuni ni kukoroga, na kukoroga hakungoji. Ukiacha kwenda kujibu salamu, imegawanyika, mafuta juu na maji chini. Nikahitaji mtu.

Nestori nilimwona sokoni Mwanga, anawabebea akina mama madumu ya mawese. Nikamwuliza kama anaweza kukoroga kutwa.

"Ego, naweza," akasema. Ndiyo, kwa kwao. Halafu akatua dumu, akajifuta mikono. "Tupatane basi, bosi."

"Usiniite bosi," nikamwambia. "Mimi na wewe ndugu. Njoo tu."

Nilijisikia mwema siku ile, Mwaju! Nilitembea kutoka Mwanga mpaka nyumbani kama niliyemwokoa mtu kwenye maji. Wala sikugundua kwamba aliniuliza swali na sikumjibu.

Sasa, miaka ile mkimbizi alikuwa haruhusiwi kutoka kambini bila kibali, na kumpa kazi bila kibali lilikuwa kosa la mwenye kazi pia. Kibali kingeombwa. Kulikuwa na ofisi, kulikuwa na watu wa kuuliza. Mimi nikaona usumbufu. Nikafanya ujanja ambao ni sisi wa huku tu tungeweza kuufanya: Kiha na Kirundi ni majirani wa ukuta mmoja, Mrundi akiongea Muha anaitikia. Basi mjumbe alipopita kuuliza mgeni ni nani, nikamwambia, "Mdogo wangu huyo, Issa. Tumechangia baba. Katoka Manyovu."

Mjumbe akamtazama Nestori. Akanitazama mimi. Nestori alikuwa na mvi kidevuni tayari, na mimi hata ndevu nilikuwa nazibembeleza.

"Huyu ndiye mdogo?"

"Mzee, maisha ya Manyovu magumu," nikasema.

Watu wote pale wakaangua kicheko, na mjumbe mwenyewe akaenda zake anacheka. Nilikuwa na mdomo mimi. Kwa kweli usiku ule Nestori alinishukuru, na mimi nikapokea shukrani zote, sikumrudishia hata moja.

Lakini uongo ukishausema unatakiwa uulishe kila siku. Akiwa mdogo wangu, basi anisalimie. Mbele ya wateja akawa anasema, "Shikamoo kaka." Mtu aliyenizidi miaka mingi, ana mke na watoto kambini. Na mimi nikawa naitikia marahaba. Mara ya kwanza nilitaka kucheka. Baadaye nikazoea. Baadaye tena, akichelewa kunisalimia, nilikuwa naona kama ananidharau.

Akiwa Issa, mwana wa nyumba ya Kiislamu, ataonekanaje anakwenda kanisani? Jumapili ikawa siku ya kukoroga. Ijumaa nilikuwa nafunga duka mchana nakwenda msikitini, na yeye nilimwachia kazi ya kukata sabuni na kupanga. Kwa hiyo mimi nilikuwa na siku yangu, yeye hana hata moja, na wala halikunijia kichwani. Ramadhani alifunga pamoja na sisi, kwa jina nililompa mimi. Mama yako ndiye aliyekuwa anamwekea uji kwa siri nyuma ya stoo, na aliponiambia miaka mingi baadaye nilimgombeza, halafu nikatoka nje nikakaa peke yangu.

Na akiwa baba mdogo, basi kazi za baba mdogo. Maji achote yeye. Paa likivuja apande yeye. Wewe ukitaka kwenda chekechea akubebe yeye. Alikula kwetu, alilala kwenye stoo ya sabuni, na hayo yote niliyaandika kichwani mwangu kama ukarimu. Mshahara nilimpa siku niliyojisikia, kwa kadiri niliyojisikia. Siku nisipojisikia nilimwambia, "Vumilia, ndugu yangu." Sikuwahi kumwambia neno ndugu siku ya kumpa. Nilimwambia siku ya kumnyima.

Wewe najua unavyofikiri, maana una ulimi wangu. Unasema mkataba ni dalili ya kutoaminiana. Mimi nilisema hivyo hivyo. Mchana mmoja tulikuwa tunakata sabuni kwa waya, yeye upande huu mimi upande ule, akasema:

"Kaka, tuandikiane. Hata ukurasa mmoja. Kazi yangu ni ipi, inaisha saa ngapi, siku yangu ni ipi. Mimi nataka Jumapili."

"Jumapili uende wapi?"

"Kanisani."

"Issa kanisani!" Nilicheka mpaka waya ukanitoka mkononi. "Ndugu na ndugu tangu lini wakaandikiana? Kesho utataka tuandikiane na ugali."

Hakucheka. Alisema, "Kaka yangu wa tumbo moja yuko Burundi. Shamba la baba tuligawana kwa maandishi, na mashahidi wakala na kunywa pale. Mpaka vita vinatutenganisha hatujawahi kugombana."

Na mtu wa aina yangu akikosa jibu hutania. Nikamwambia nitamtafutia karani wa mahakama aje na koti jeusi. Akaendelea kukata sabuni. Alikata vizuri, kila kipande sawa na mwenzake, na hakulitaja jambo lile tena.

Nikwambie ukweli ambao sijamwambia mtu. Halikuwa suala la kuaminiana. Mimi nilikuwa namwamini sana Nestori. Funguo za duka alikuwa nazo. Tatizo ni kwamba maandishi yangenifunga mimi. Yangesema kazi inaisha saa fulani, na mimi nilitaka iishe nikichoka. Yangesema siku fulani si yangu. Neno ndugu lilinifaa kwa sababu halina saa, halina siku, halina mwisho, na mwenye kulitafsiri nilikuwa mimi peke yangu.

Sasa sikia lililotokea.

Sabuni haipikwi bila kostiki, yale magadi makali ya unga mweupe. Ukiitia kwenye maji inachemka yenyewe bila moto, na ikikugusa inakula nyama. Glavu zilikuwepo, zimetoboka. Nilikuwa nimeahidi kununua nyingine. Kuahidi nilikuwa hodari.

Siku ile mimi na Nestori tulikuwa tumebeba sufuria la maji ya kostiki, kila mtu sikio lake, tunalipeleka kwenye pipa la mafuta. Mlangoni wakapita wapagazi wa Kibirizi, vijana wenzangu, mmoja akapiga kelele, "Rama Povu! Siku hizi umekuwa tajiri unafanya kazi mwenyewe?" Ningeweza kunyamaza. Mtu mwingine yeyote Ujiji nzima angenyamaza. Mimi nikageuka kumjibu. Hata nilichomjibu nakikumbuka, kilikuwa kizuri, waliondoka wanacheka. Na nilipogeuka, upande wangu ukashuka.

Kostiki ilimmwagikia mkono wa kulia, kuanzia kiwiko mpaka vidoleni. Hakupiga kelele nyingi. Aliita jina la mama yake.

Hospitali waliniuliza, "Huyu ni nani wako?" Nikasema, "Mdogo wangu, Issa." Waliuliza imekuwaje, nikasema kaungua nyumbani kwa bahati mbaya. Wakamhudumia vizuri, sina la kuwalaumu. Kidonda kilifunga baada ya muda mrefu, lakini kilifunga vibaya. Ngozi ilivuta vidole vikakunjamana, na kiwiko hakikunyooka tena. Mkono wa kukorogea ule.

Alikaa pale kwetu wiki nyingi. Alijaribu kukoroga kwa mkono wa kushoto. Mimi nikaanza kununa, Mwaju. Naona haya kuandika hili kuliko yote. Mtu ameungua kwa ulimi wangu, na mimi nikawa namhesabia tonge. Nikawa naongea na mama yako kwa sauti ili asikie, "Kwangu hapa pamekuwa hospitali."

Ndipo akaniomba maandishi mara ya pili. Safari hii hakutaka Jumapili. "Niandikie tu kwamba nilikuwa nafanya kazi kwako, na nimeumia kazini. Jina langu la kweli. Nikifika nayo kambini wataniuliza nilikuwa wapi na mkono umekuwaje. Nikiwa na karatasi ya mwenye kazi nitakuwa na pa kuanzia. Bila hiyo mimi ni mtu aliyetoroka akaenda kuungua anakokujua mwenyewe."

Nikamwambia, "Kesho." Niliogopa. Kumwandikia ni kukiri nilimwajiri bila kibali. Ile kesho niliivuta kama mpira wa manati.

Halafu watu wa serikali wakaja na mjumbe. Walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba kuangalia nani yuko nje ya kambi. Wewe ulikuwa umekaa mapajani kwa Nestori, anakumenyea muwa kwa meno, kwa sababu kisu kilikuwa kinamshinda. Ofisa mmoja, mtu mpole tu, akaniuliza, "Huyu ni nani wako?"

Neno lilikuwa tayari limezoea njia: mdogo wangu. Ningelisema, pengine wangeondoka. Ningesema ukweli wote, kwamba ni mfanyakazi wangu, kaumia kwangu, niandikieni kosa langu, pengine angerudi kambini ana haki yake mkononi. Mimi nikatafuta njia ya tatu, ya watu kama mimi.

"Simfahamu sana," nikasema. "Mkimbizi. Alikuja hapa anaumwa, nikamhurumia."

Mjumbe aliinamisha uso. Ofisa akamgeukia Nestori. "Wewe, eti wewe ni nani wa huyu bwana?"

Nestori akakuweka chini taratibu, akasimama. Alinitazama. Hakuwa na hasira, laiti angekuwa nayo. Akasema, "Muulizeni yeye. Yeye ndiye anayejua leo mimi ni nani."

Wakamchukua. Kijana mmoja wao alimshika kiunoni kumpandisha kwenye lori kwa sababu mkono haukuweza kujivuta. Lilikwenda njia hiyo hiyo mtakayopita kesho, Kidahwe na kuendelea. Wewe ukalia. Ulilia siku nyingi, unasimama mlangoni unaita, "Ba'mdogo!" Nikakwambia amekwenda Kalemie, ng'ambo ya ziwa, kuvua dagaa, atakuletea kitenge. Mkono ule usingeweza kuvuta hata uzi. Ulikuwa unaniamini, ndiyo maana ukanyamaza.

Nilimfuata, usidhani sikumfuata. Ilinichukua muda mrefu kupata moyo. Nilikwenda na wachuuzi siku ya soko la kambini, nimebeba katoni nzima ya sabuni, ile ya daraja la kwanza, nimeikata mwenyewe. Nikaulizia mpaka nikafika. Nikamkuta mkewe, mwanamke mrefu, anapepeta maharage. Nikajitaja, nikaweka katoni chini, nikaanza maneno yangu. Akaniacha niongee mpaka mwisho. Halafu akasema, bila kuacha ungo:

"Hapa sabuni tunapewa, bwana."

Sijawahi kupigwa kofi kama lile na mtu ambaye hakuinua mkono.

Nestori akatoka. Alikuwa amekonda, mkono ameuficha kwenye koti. Akanisalimia, "Habari za Ujiji." Hakusema shikamoo. Nikamwambia yote niliyopanga njiani: arudi, nitaomba kibali safari hii, hatakoroga, atauza dukani, atakula, atalala vizuri. Alinisikiliza akiangalia viatu vyangu.

"Nirudi kama nani?" akauliza.

Mwaju, nilikuwa nimepanga kila kitu isipokuwa hilo. Nilifungua mdomo, huu unaoujua, na neno lililokuwa linataka kutoka lilikuwa ndugu. Nikalimeza. Na nyuma yake hapakuwa na jingine.

Halafu akaniuliza, "Mtoto hajambo?"

"Hajambo. Anakuulizia."

"Umemwambia niko wapi?"

Nikasema nimemwambia yuko Kalemie anavua dagaa. Akatikisa kichwa, na nadhani alicheka kidogo, kwa pua. Nikarudi na katoni yangu. Baadaye wengi wao walirudishwa kwao, na yeye akaenda na familia yake. Sijui mkono ule ulimsaidia kulima au la. Sijapata habari zake tena, na sistahili kuzipata.

Basi umenielewa kwa nini samaki walikuwa na magamba.

Odeta si mkimbizi, najua. Ni binti wa Kidahwe, mama yake anatufahamu, hakuna mtu atakayemtafuta na lori. Wewe nawe si mimi. Una roho ya mama yako, Mungu ashukuriwe. Lakini nimekuangalia wiki hizi. Odeta alikuja hapa kujiandaa na safari ya kusuka nywele, na tayari anakufulia nguo. Jana alikuchotea maji ya kuoga. Hukumtuma, ninajua, alijipeleka. Ndivyo inavyoanza. Dada mdogo humchotea maji dada mkubwa, hakuna ubaya. Ila kule Kasulu utakuwa umechoka, mteja kakaa mpaka giza, na maji hayapo ndani, na dada yako yupo. Utamwita. Ataitika. Na hutajua ni lini hasa msusi wa saluni aligeuka kuwa mtumishi wako wa nyumbani, maana hapakuwa na mstari wa kuruka.

Dawa za nywele nazo ni kali, wewe umesomea unajua kuliko mimi. Siku dawa ikimrukia jichoni, atakuwa nani wako? Kaa na swali hilo sasa, kabla halijaulizwa na mtu mwenye kalamu mkononi. Siku akishika mimba. Siku mama yake akiugua wiki nzima na saluni imejaa watu wa harusi. Siku umechoka naye, au yeye kachoka na wewe, mnaachanaje: unamtupia mabegi, au unampa taarifa na muda wa kujipanga? Mkiyaandika leo mkiwa mnapendana, yatakuwa maneno ya watu wanaopendana. Mkingoja siku ya ugomvi, hata mkiandika, itakuwa hati ya mashtaka.

Juzi nilipomwona Odeta anakufulia nilikwenda kuulizia ofisi ya kazi, nikawaambia nina kiwanda na wafanyakazi wengi wananisumbua. Usicheke. Mama mmoja pale akanitazama kanzu na kandambili zangu, akanieleza tu, kwa upole. Kumbe hata mwenye mfanyakazi mmoja, hata saluni ya viti viwili, anatakiwa kumpa maelezo ya kazi yake kwa maandishi, kwa lugha anayoielewa, na kama kuna asilolielewa amweleze. Kazi ipi, wapi, kuanzia lini, saa zake, mapumziko yake, malipo yake na siku ya kulipwa, likizo, na namna ya kuachana. Kila mmoja anakaa na nakala yake. Yake iwe mikononi mwake, Mwaju, usimtunzie. Mimi nilikuwa mzuri sana wa kuwatunzia watu.

Ukimaliza hayo, mwite dada. Mwite hata pacha. Litakuwa neno tamu, kwa sababu halitakuwa linafanya kazi ya neno jingine.

Nilitaka nikuandikie mkataba wenyewe, niwawekee tayari. Nilishaanza. Nikagundua napanga maisha ya Odeta bila kumwuliza, mimi tena. Nikachana.

Sasa lililobaki ni hili, na utanikasirikia. Jioni ulipokwenda kuaga kwa shangazi yako, nilimwita Odeta nikamwambia, "Kesho usipande gari mpaka muwe mmeandikiana."

Akashtuka. "Baba Mwaju, dada atakasirika."

"Akasirike."

"Akiniacha je? Mimi nimeshaaga nyumbani. Mama amenifungia mpaka unga."

"Hatakuacha," nikasema. Nilisema kwa sauti ile ya kuuzia sabuni, na yeye akaniamini, nikaona anavyoshusha mabega. Halafu akaenda kulala, na mimi ndiyo nimekaa hapa naogopa. Kwa sababu nimemwahidi mtu tena jambo ambalo si langu kulitimiza. Ni lako.

Kwa hiyo asubuhi ukitoka ukamkuta kakaa kizingitini na mzigo wake, dereva anapiga honi na yeye hainuki, usimgombeze. Hana jeuri. Ni mimi niliyemweka pale. Acha honi ilie, gari la Kasulu halijawahi kuondoka bila kurudi kuita abiria mara tatu. Kaa naye hapo chini, usikae kwenye kiti. Mwulize anataka kianze kuandikwa nini. Halafu unyamaze mpaka aseme. Atachelewa kusema. Ngoja.

Naishia hapa. Sijaishiwa maneno, mimi! Ila kalamu nyumba nzima ni hii moja, na asubuhi mtaihitaji nyinyi wawili.

Baba yako,
Ramadhani